Mashine ya Kale ya Sinema: Jinsi ya Kuitengeneza Pasipo Kuiharibu Filamu

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ya kuitengeneza na kuitunza mashine ya kale ya kuonyeshea sinema, hasa ile ya filamu ya milimita 16, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi mashuleni, katika misheni, na katika magari ya sinema yaliyozunguka vijijini. Huenda msomaji akauliza: Je, kuna haja gani ya kujifunza mtambo uliokwisha pitwa na wakati, hali leo picha za sinema huonekana hata katika simu ya mkononi? Jibu ni kwamba mashine hizi bado zipo. Zimekaa katika stoo za shule, chini ya vitanda vya wazee waliokuwa waendeshaji wake, na katika maduka ya vitu vikuukuu. Na pamoja nazo yamo makopo ya filamu ambayo hakuna ajuaye kilichomo ndani. Siku mtu apatapo kopo na mashine pamoja, jambo la kwanza limjialo moyoni ni kuchomeka waya ukutani na kutazama. Hapo ndipo hasara huanzia.

Filamu ya milimita 16 ilitolewa na kampuni ya Kodak ya Marekani mwaka wa 1923, nayo ilikusudiwa watu wa kawaida, si majumba makubwa ya sinema. Tangu mwanzo ilifanywa kwa asetati, kitu kisichoshika moto upesi, tofauti na filamu za kale za milimita 35, ambazo nyingi zilikuwa za nitrati na ziliweza kuwaka kama baruti. Kwa sababu hiyo, na kwa wepesi wa mashine yake, ilifaa kuchukuliwa safarini. Katika Afrika ya Mashariki, baina ya mwaka wa 1935 na 1937, kulikuwa na jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, lenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu zilizotengenezwa pale, 35 kwa jumla, zilichukuliwa kwa lori na kuonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, na hata nchi za kusini. Sauti yake haikuwamo ndani ya filamu. Ilitoka katika santuri iliyochezwa sambamba na picha, na mtu yeyote aliyepata kucheza santuri juu ya lori lililoegeshwa mahali pa mteremko atafahamu taabu iliyokuwamo. Baadaye sauti ikachapwa ubavuni mwa filamu yenyewe, na magari ya sinema yakaongezeka, kabla ya uhuru na hata baada yake. Waendeshaji wake walisafiri na jenereta, kitambaa cheupe, na kisanduku cha vipuri. Mashine ikikataa mbele ya umati uliokaa nyasini, hapakuwa na fundi mwingine wa kuitwa.

Twataja habari hizo kwa sababu ujuzi wa waendeshaji wale ndio unaotakiwa leo, na wengi wao wamekwisha kufa.

Kipi kitangulie, mashine au filamu?

Kabla ya kushika bisibisi, yapasa fundi afahamu jambo moja ambalo kazi yote hulitegemea. Mashine iliyovunjika yaweza kutengenezwa mwaka huu au mwaka ujao. Gia yaweza kuchongwa upya, na mkanda wa mpira waweza kununuliwa. Filamu iliyochanika matundu yake hairudi. Tena filamu nyingi zilizopigwa na watu binafsi, na mashule na misheni, ni za namna ile ambayo ukanda uleule uliopita ndani ya kamera ndio uliotiwa dawa ukawa picha ya kuonyesha. Hazina negativu, wala hazina nakala. Ikiwa ndani yake yumo babu yako akicheza ngoma siku ya kufunguliwa kwa shule, basi duniani hakuna mahali pengine ambapo babu huyo anacheza. Kwa hiyo mashine ni mtumishi, na filamu ndiyo bwana. Fundi anayesifiwa kwa kuifanya mashine ivume vizuri, lakini filamu ikatoka na mikwaruzo, hakufanya kazi yake.

Vitanzi viwili

Watu wengi hudhani kwamba filamu hupita mbele ya taa kama maji ya mto, bila kusimama. Sivyo. Kila picha husimama kimya mbele ya taa kwa nukta ndogo sana. Kisha bamba linalozunguka huuziba mwanga, ukucha wa chuma huingia katika tundu la pembeni na kuivuta filamu chini kwa kipimo cha picha moja, ukucha hutoka, mwanga hufunguliwa tena. Jambo hili hutendeka mara 24 kwa kila sekunde katika filamu yenye sauti, na macho yetu, kwa udhaifu wake, huona mwendo mmoja tu. Katika futi moja ya filamu mna picha 40. Gurudumu la futi 400, ambalo huonyeshwa kwa muda wa dakika 11 hivi, lina picha 16,000. Maana yake ukucha umeingia na kutoka mara 16,000 katika matundu ambayo upana wake haufiki milimita 2. Ikiwa ncha ya ukucha imelika na kuwa kali kama wembe, basi filamu imejeruhiwa mara elfu kumi na sita katika kipindi kimoja cha somo.

Lakini magurudumu yenye meno, yaliyo juu na chini ya lango, hayasimami, yanazunguka mfululizo. Je, filamu moja yawezaje kwenda mfululizo mahali pamoja, na kwenda kwa kusimamasimama mahali pengine, isikatike? Ni kwa sababu ya vitanzi viwili, kimoja juu ya lango na kingine chini yake, ambavyo huachwa vikiwa vimelegea ili vikinyooka na kukunjana viumeze mshtuko. Mwanafunzi akijifunza kutengeneza vitanzi hivi barabara, amekwisha jifunza nusu ya kazi ya mwendeshaji. Kitanzi kikiwa kidogo mno, filamu hukazika na kuchanika. Kikiwa kikubwa mno, husugua ukuta wa mashine. Kitanzi cha chini kina wajibu mwingine pia. Sauti ya picha fulani haikuchapwa kando ya picha hiyo, bali imetangulia kwa picha 26, kwa kuwa sauti husomwa mbele zaidi, katika ngoma ndogo iliyo baada ya lango. Kitanzi kisipokuwa na kipimo chake, midomo ya msemaji hufunguka wakati mmoja na maneno yake huja wakati mwingine.

Waya ukae mbali

Sasa na tuchukue mashine iliyokaa miaka thelathini bila kutumiwa. Usiichomeke ukutani. Iweke mezani penye mwanga mwingi, ondoa mifuniko yake yote, na uitazame. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Panya hupenda nyaya za zamani zilizovikwa mpira na kitambaa. Buibui na nyigu wa udongo hujenga ndani ya feni. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Katika baadhi ya mashine za kale sana nyaya zilizo karibu na taa zilivikwa asbestosi. Ukiona kitambaa cheupe chenye kuchambukachambuka mahali hapo, usikikwangue wala usikipulize, kwani vumbi lake huharibu mapafu.

Mikanda ya mpira huwa imekuwa migumu kama ngozi kavu, au imeyeyuka ikawa kama lami. Ile iliyoyeyuka hukwanguliwa kwa kijiti na kupanguswa kwa spiriti hadi puli zing'ae. Kazi hii ni chafu na ya kuchosha, lakini haina njia ya mkato. Kabla ya kuutupa mkanda wa zamani, pima urefu wake na unene wake na uandike.

Baada ya hayo izungushe mashine kwa mkono. Mashine nyingi zina kishikio kwa kazi hiyo. Zungusha taratibu kwa upande wa mshale, ukisikiliza na kuhisi. Ikiwa inazunguka kwa wepesi ulio sawasawa, vema. Ikiwa inakwama, usitumie nguvu, kwani grisi ya zamani imeganda ikawa kama gundi. Mashine iliyoganda hivi ikitiwa umeme, mota itashinda na gia itavunjika. Jambo hili lajulikana sana na mafundi wa mashine za Bell & Howell za miaka ya baadaye: ndani yake mna gia ya parafujo iliyofanywa kwa plastiki na kuvikwa juu ya mhimili wa chuma. Kwa miaka mingi plastiki husinyaa, chuma hakisinyai, na gia hupasuka, wakati mwingine hata kama mashine imekaa tu kabatini. Anayenunua mashine ya namna hiyo aangalie gia hiyo kwanza kwa tochi, kabla ya kuafikiana bei. Gia mpya zapatikana kwa wachongaji, lakini kuitia huhitaji kufungua sehemu nyingi na kuzirudisha kwa vipimo vyake, ili ukucha na bamba la kuziba mwanga vitende kazi kwa wakati mmoja. Fundi asiyepata kuifanya kazi hiyo aweke alama kwa kalamu juu ya kila gia kabla ya kuitoa.

Grisi iliyoganda huondolewa kwa mafuta ya taa kidogo yaliyotiwa katika kitambaa, kwenye chuma peke yake, mbali na mpira, plastiki na moto, kisha hupanguswa mpaka pakauke. Ndipo utie mafuta mapya. Mafuta mepesi ya cherehani yafaa kwa mihimili. Grisi nyeupe kidogo yafaa kwa gia. Mafuta ya kupikia hayafai kamwe, kwani hugeuka kuwa gundi kabla ya mwaka kwisha. Katika mashine nyingi mna vipande vya sufi iliyoshindiliwa, ambavyo kazi yake ni kunyonya mafuta na kuyatoa polepole. Hivi hupewa matone matatu au manne, kisha hupewa muda. Hapa watu hukosea kwa ukarimu. Mashine iliyojaa mafuta huyarushia kwenye mikanda, ambayo huteleza, na kwenye filamu, ambayo hukusanya vumbi na kulipeleka moja kwa moja langoni.

Lango

Lango ndilo mahali pa kutumia saa nzima, na fundi mwenye haraka hulipa dakika mbili. Hapa filamu hubanwa baina ya mabamba mawili ya chuma. Unga wa dawa ya filamu, uliochanganyika na vumbi na joto la taa, huganda juu ya mabamba hayo na kuwa mgumu kama ukucha wa mtu. Ukiutazama kwa macho matupu utadhani ni chuma chenyewe. Ukitumia kioo cha kukuzia utauona, wenye rangi ya kahawia. Usiukwangue kwa kisu wala kwa bisibisi. Alama moja ya kisu juu ya bamba itaandika mstari juu ya kila filamu itakayopita hapo maisha yote ya mashine. Chonga kijiti cha mwanzi, kilowanishe kwa alkoholi safi, weka juu ya uchafu, ngoja ulainike, kisha usukume. Rudia hata pang'ae. Meno ya magurudumu husafishwa kwa mswaki, nayo hutazamwa moja moja: jino lililolika huwa limepinda kama ndoana, na ndoana hiyo ndiyo ichanayo matundu. Ukucha nao hutazamwa vivyo hivyo. Springi ya bamba yapasa kubana kwa kiasi; ikilegea picha hurukaruka juu ya kitambaa, ikikaza mno filamu hulia kama panya ikipita.

Umeme

Katika Kenya umeme wa majumbani ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine nyingi zilizofika huku zilitengenezwa Marekani, kwa volti 110 hadi 120, na mizunguko 60. Hata zile za Kiingereza, nyingi zilitaka transfoma ya nje, kwani taa yake ilikuwa ya volti 110. Mtu akiichomeka moja kwa moja, taa huangaza kwa nukta moja tu, ikafa, na taa za namna hiyo sasa ni adimu. Basi soma kibati kilichopigiliwa mgongoni mwa mashine kabla ya jambo lolote.

Tena yafaa kujua kwamba transfoma hubadili volti, lakini haibadili mizunguko. Kuna mota zenye kigavana cha kuzuia mwendo, nazo hazijali. Lakini kuna nyingine ambazo mwendo wake hufuata mizunguko ya umeme. Mota ya namna hii, ikiwa ilikusudiwa mizunguko 60, hapa kwetu itaiendesha filamu kwa picha 20 kwa sekunde badala ya 24. Waimbaji wa kwaya watakuwa na sauti nene na watatembea kama watu wenye usingizi. Si ugonjwa wa kikuza sauti, wala haina haja kukifungua; dawa yake ni kubadili puli.

Kikuza sauti cha valvu ni kitu cha hatari. Ndani yake mna volti za mamia, na kapasita zake zaweza kushika umeme hata baada ya waya kutolewa ukutani. Asiyekuwa fundi wa redio asitie mkono humo. Fundi wa redio naye aelewe kwamba kapasita za karatasi na zile za elektroliti zilizokaa miongo mingi hazifai kuaminiwa, na hubadilishwa kabla ya majaribio. Mara ya kwanza umeme hupitishwa kwanza katika taa ya kawaida ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na kikuza sauti: taa hiyo ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna njia fupi ya umeme, na hakuna kilichoungua; ikiwaka kidogo kisha ikafifia, hali ni njema. Waya wa kwenda ardhini lazima uwepo, kwani sanduku zima ni la chuma.

Taa kubwa ya picha hutoa joto jingi, na feni ndiyo inayoilinda. Feni isipozunguka, taa isiwashwe. Onyesho likiisha, zima taa, iache feni iendelee kwa dakika chache. Taa mpya za halojeni zisishikwe kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi huacha alama juu ya kioo, na kioo hupasuka hapo. Siku hizi wako watu wanaoondoa taa ya zamani na kutia taa za LED zisizo na joto kubwa. Sisi hatuoni ubaya wake, mradi vipande vya asili vihifadhiwe katika mfuko na mfuko ukae pamoja na mashine. Atakayekuja baada yetu huenda akawa na maoni mengine.

Sauti ikiwa haitoki, anza na vitu vidogo. Kuna taa ndogo inayopenya katika njia ya sauti iliyo ubavuni mwa filamu, na mwanga wake huangukia jicho la umeme. Taa hiyo ikiwa imekuwa nyeusi ndani, ibadili. Lenzi yake ndogo ikiwa na vumbi, ipanguse. Kisha, bila filamu, pitisha ncha ya karatasi upesi upesi mbele ya mwanga huo: ukisikia mdundo katika spika, basi tangu jicho hata spika mambo ni sawa. Ikiwa sauti inatoka lakini inayumba kama mlevi, tazama kama filamu imelegea juu ya ngoma ya sauti.

Jaribio

Sasa mashine yazunguka, yavuma, na yaangaza. Bado filamu ya babu isitiwe. Chukua kipande cha filamu isiyo na thamani, futi 20 au 30, safi na isiyo na mikwaruzo, ukipitishe mara kumi. Kisha kitazame kwa kioo cha kukuzia, ukikigeuzageuza chini ya taa. Mstari uliosimama mahali pamoja toka mwanzo hadi mwisho ni kazi ya mashine. Katika nakala ya rangi nyeusi na nyeupe, mstari unaoonekana mweusi juu ya kitambaa umekwaruzwa upande wa ukanda mtupu. Unaoonekana mweupe umekwaruzwa upande wa dawa, na picha yenyewe imekwisha kung'olewa hapo. Kwa hiyo fundi ajua atafute kosa upande upi wa njia. Kingo za matundu zikiwa zimeinuka au zina nyufa ndogo, rudi kwenye ukucha na vitanzi. Herufi nyeupe zikionekana zikiburura mwanga juu au chini kama mkia, bamba la kuziba mwanga halifuati wakati wake. Usiendelee mpaka kipande hicho kitoke kama kilivyoingia.

Kuipokea filamu ya zamani

Fungua kopo nje ya nyumba, unuse. Harufu kali ya siki ni dalili kwamba asetati inaoza. Ugonjwa huu hauna dawa. Waweza kucheleweshwa kwa baridi na ukavu, nao huenea kwa filamu nyingine zilizo karibu kwa mvuke wake. Filamu inayonuka itengwe mara moja, na kopo lake lisizibwe kabisa, ili mvuke upate njia. Kwa watu wa pwani, ambako joto na unyevu hukaa pamoja mwaka mzima, jambo hili ni la haraka kuliko kwa watu wa Limuru au Nyeri; kopo lililokaa darini chini ya mabati ya Mombasa limepata taabu zote mbili.

Filamu inayooza husinyaa, na hili ndilo shimo ambalo watu wengi hutumbukia. Kwa macho huoni kitu. Lakini ukucha wa mashine una kipimo kimoja tu, kiasi cha milimita 7.6 toka tundu hata tundu; filamu iliyosinyaa inakuja na matundu yaliyokaribiana zaidi, na ukucha hushuka si ndani ya tundu bali juu ya ukingo wake. Kipimo chake ni rahisi. Laza filamu ya zamani mezani sambamba na filamu mpya, tundu la kwanza lilingane na tundu la kwanza, uhesabu matundu mia. Tundu la mia la filamu ya zamani likiwa limerudi nyuma kwa nafasi ya tundu zima, filamu imesinyaa moja kwa mia, na haifai tena kutiwa katika mashine ya kawaida. Hata likirudi nusu ya nafasi hiyo, yapasa kuwa na hadhari.

Chunguza pia maungo. Ipitishe filamu yote polepole kwa mkono toka gurudumu moja hata jingine, ukishika kingo tu kwa glavu za pamba. Utahisi kila mahali palipoungwa na kila tundu lililopasuka. Maungo ya gundi yaliyokauka huachana yakiguswa, nayo hufanywa upya kwa utepe maalumu wa filamu, si kwa utepe wa dukani wa kufungia bahasha, ambao gundi yake hutoka na kushikamanisha picha. Ikiwa filamu ni ya poliesta, gundi ya kawaida haishiki kabisa. Kuitambua, liinue gurudumu kuelekea dirisha na ulitazame kwa ubavu: poliesta hupenyeza mwanga, asetati huonekana nyeusi. Tena poliesta haikatiki. Ikikwama ndani ya mashine, kitakachovunjika ni mashine.

Na ikiwa nakala ni moja tu? Maoni yetu ni kwamba isipite kabisa katika mashine yenye ukucha kabla haijapigwa picha ya kidijitali kwa mtambo unaoipitisha filamu juu ya roli laini zisizo na meno. Gharama yake si ndogo, na wenye mitambo hiyo si wengi. Lakini watu watatu au wanne wa ukoo mmoja, au shule na wanafunzi wake wa zamani, wakichanga waweza. Baada ya hapo, filamu ikiwa ingali na nguvu, ionyesheni kwa mashine mliyoitengeneza, mkusanye watu, mzime taa. Mwanga wa taa ukipita katika ukanda wenyewe una uzuri wake, na wazee watakaoketi pale ndio wanaoweza kuwataja kwa majina watu waliomo. Mtu mmoja akae na daftari ayaandike, pamoja na dakika ambayo kila mmoja alionekana.

Mashine ikiwekwa, lango lifunguliwe ili springi isikae imebanwa, mikanda ilegezwe ikiwa yaweza, na kifuniko cha kitambaa kiwekwe juu yake. Plastiki hushika unyevu. Kila mwezi izungushwe kwa mkono mara kadha. Ndani ya kifuniko bandikeni karatasi yenye namba ya taa, kipimo cha mikanda, na tarehe ya kutiwa mafuta. Filamu nayo irudi koponi kama ilivyomalizika kuonyeshwa, mwisho wake ukiwa nje, bila kurudishwa mwanzo kwa kasi ya mota. Kopo liandikwe hivyo kwa kalamu. Atakayeionyesha mara nyingine ndiye atakayeirudisha taratibu kwa mkono, na maungo yaliyolegea atayakuta kwa vidole vyake kabla ukucha haujayafikia.